Miezi 7 na bado analala kwa titi tu: kumwacha alie kidogo au kukaa naye?

Mama, kuamka kila saa usiku kwa mtoto wako kunatokana na jinsi anavyosinzia. Usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko ya karibu saa moja, na kila mzunguko ukiisha huzinduka kidogo. Alisinzia na titi mdomoni. Akizinduka halipo, anakuita. Kwa hiyo kwanza mnyonyeshe nusu saa kabla ya kulala, kisha mlaze chali angali macho, kope zikianza kuwa nzito.

Ukichagua kumwacha alie kwa vipindi, toka chumbani, na usiku wa kwanza ingia baada ya dakika 3, halafu 5, halafu kila 10. Usiku wa pili anzia 5. Mpapase, mwambie maneno yaleyale, utoke ndani ya dakika moja au mbili bila kumbeba. Kinachoharibu zaidi ni kuvumilia dakika 40 kisha kumpa titi: hapo amejifunza kwamba kilio kirefu ndicho kinacholipa.

Kama kilio hicho hukiwezi (na si aibu), chukua kiti. Kaa kando ya kitanda chake, na kila baada ya siku 3 kisogeze kuelekea mlangoni. Huchukua wiki mbili au zaidi, na wapo watoto wanaozidi kukasirika wakikuona umekaa tu huwabebi.

Akiamka kwa njaa ya kweli, mnyonyeshe, ila mrudishe kabla hajasinzia. Akiwa na homa, au uzito hauongezeki vizuri, usianze. Mpeleke kliniki kwanza.