Mtoto Anayesubiri Ana Haki Yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mama mwenye watoto wadogo kadhaa agaweje muda wake kati yao bila kumdhulumu yeyote? Nina watoto wanne. Wa kwanza ana miaka 7, wa pili ana miaka 4 na nusu, wa tatu ametimiza miaka 2 juzijuzi, na kitinda mimba bado hajaanza kutambaa. Jibu langu ni kwamba muda wa mama haugawiki sawa kwa sawa, na mama anayejaribu kuugawa hivyo atajichosha bure. Kinachowezekana, na ambacho naamini ndicho haki yenyewe, ni kumhudumia kwanza asiyeweza kusubiri, kisha kumlipa kwa uaminifu yule aliyesubiri.

Sababu ya kwanza ni maumbile. Mtoto mchanga katika wiki zake za mwanzo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na Shirika la Afya Duniani linashauri apewe maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi 6. Ratiba yoyote ya nyumbani itaipisha hesabu hiyo, ipende isipende. Mtoto wa miaka 2 naye, ingawa anakimbia na ameanza kuunga maneno mawili matatu, bado hajui "baadaye" ni lini. Ukimwambia asubiri kidogo, anachosikia ni kwamba amenyimwa, ndipo anapojitupa chini na kugaragara. Wako watu wanaomwita mtoto kama huyo mkaidi, au wanaosema amedekezwa, nami sikubaliani nao. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuituliza hamaki, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kuvuka miaka 20, kwa hiyo kumtaka mtoto wa miaka 2 ajizuie kama mtu mzima ni kumdai kitu ambacho hana.

Basi katika nyumba yenye watoto wa umri mbalimbali, muda wa mama huelemea upande wa wadogo, na hapo mimi sioni upendeleo wowote. Hatari naiona kwa yule anayeweza kusubiri, kwa sababu huyo husubirishwa kila siku na kwa kila jambo. Hapigi kelele, hagaragari, hamuumizi mtu. Anaambiwa "wewe sasa ni mkubwa", na sifa hiyo aliyoipokea kwa furaha inageuka kuwa kodi anayotozwa kutwa nzima. Kwetu, mtoto huyo ni wa pili. Kaka yake mkubwa ana masomo yake na marafiki zake, tena anajua kudai kwa maneno. Wadogo zake wanadai kwa kilio. Yeye yuko katikati, na upole wake unaweza kumponza.

Nieleze nilichokishuhudia jioni moja. Nilikuwa nimeketi nikinyonyesha, naye akaja na kitabu mkononi. Alinitazama, akamtazama mdogo wake kifuani, kisha akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, akakifungua mwenyewe na kuanza kugeuza kurasa huku akinong'ona hadithi aliyokwisha kuikariri. Nilipomwinua mtoto begani ili acheue, yeye alikifunga kitabu haraka na kuinua uso. Wakati huohuo wa tatu akamwaga kikombe cha maji, ikabidi niinuke, naye akakifungua tena bila kusema neno. Mgeni angeliona hilo angesema mtoto huyu ana adabu, na ni kweli anayo. Lakini mzazi anapaswa kuona jambo la pili pia: haki ya mtoto imeahirishwa mara mbili, na hakuna aliyeiandika popote isipokuwa mtoto mwenyewe.

Ninasema ameiandika kwa sababu umri huo una akili zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha utafiti maarufu ambao, pamoja na tafiti nyingi zilizoufuata, umeonyesha kuwa watoto wengi huanza kuelewa wakiwa na umri wa takriban miaka 4 kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo tofauti na wanalolijua wao. Mtoto wa umri huo anaanza kufahamu kwamba mama ana mambo yake kichwani, na ufahamu huo ndio unaomwezesha kusubiri. Kuelewa kwake, hata hivyo, hakutupi sisi ruhusa ya kumsahau.

Kuna utafiti mwingine ambao naurudia mara kwa mara ninapozungumza na kina mama wenzangu. Wengi wamesikia habari za majaribio ya Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ambapo mtoto aliachwa peke yake na peremende moja akiambiwa kwamba akivumilia mpaka mtu mzima arudi atapewa mbili. Kwa muda mrefu watu waliyachukua kama kipimo cha uvumilivu wa mtoto. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio dogo la watoto 28 ambalo lilianza kwa ahadi. Kila mtoto aliahidiwa vifaa bora zaidi vya kuchorea. Nusu yao waliletewa, na nusu wakaambiwa kwamba, samahani, vifaa havipo. Ndipo peremende ikawekwa mezani. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi, na waliovunjiwa ahadi dakika 3 tu. Watoto walikuwa wa rika moja. Kilichowatofautisha ni jinsi mtu mzima alivyotunza neno lake.

Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na nyumbani kwetu tunalichukulia deni hilo kwa uzito wake. Simwambii mtoto "baadaye" wala "dakika moja", kwa maana dakika moja ya mama inajulikana urefu wake. Namtajia tukio analoweza kuliona kwa macho yake: nikimaliza kumfunga mdogo wako nepi, nakuja kwako. Nepi ikishafungwa, ninakwenda. Ninakwenda hata kama nguo zimejaa kapuni, na ninakwenda hasa anapokuwa amekwisha kusahau na kuanza mchezo mwingine, kwa sababu hapo ndipo anapojua kwamba mimi sikusahau. Aliyesubiri hadithi analipwa hadithi. Kumpa kitu kitamu badala yake ni kumfundisha kwamba muda wa mama una mbadala. Na pale ninapojua kwamba sitaweza, namwambia sitaweza. Huwa ananuna, na ananuna kwa haki, lakini kununa kunakwisha mapema kuliko kutoaminiana.

Jambo la pili linalotusaidia ni kwamba mama ana vitu vingi vya kugawa kuliko saa peke yake. Ana mikono, ana macho, ana masikio, ana sauti, na si lazima vyote viende kwa mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Wakati wa kuoga, mikono na macho ni vya aliye majini, na hapo sina mjadala: mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, tena kimyakimya, kwa hiyo siondoki kando ya beseni hata kwa kufuata taulo. Lakini masikio yangu yako huru, na wa pili anajua kwamba muda wa beseni ndio muda wake wa kunisimulia. Anakaa mlangoni na kueleza mambo yake yote, nami namjibu bila kugeuka. Tunaelewana vizuri sana kwa namna hiyo.

Usingizi nao una mgawo wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 na 4, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Maana yake ni kwamba kila siku kuna kipindi ambacho wadogo wamelala na wakubwa wako macho. Kishawishi cha kukimaliza kipindi hicho kwa kufua na kupanga vitu ni kikubwa, nakijua. Mimi nimeamua sehemu yake ya mwanzo iwe ya mtoto wa pili, kwa kuwa zamu yake ikiachwa mwisho haifiki kamwe. Nguo zikikaa hadi jioni hazidhuriki.

Kuhusu wa kwanza nitasema machache. Anasaidia, na anapenda kusaidia, lakini tunamwomba badala ya kumwamrisha, na saa yake ya masomo haiguswi. Mtoto wa miaka 7 hakuzaliwa awe mama mdogo wa nyumba.

Nimalizie na baba, kwa sababu swali lenu limemtaja mama peke yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 18, unatamka kwamba wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja katika malezi ya mtoto. Katika familia nyingi nilizoziona, baba akitaka kumpunguzia mama mzigo huwachukua wale wakubwa na kwenda nao nje, kwa kuwa ndio wepesi kuwaangalia, na mama hubaki na wachanga walewale aliokuwa nao tangu alfajiri. Nia ni njema, lakini mtoto aliyekuwa akimsubiri mama anakuwa ameondolewa tena. Sisi tumegeuza. Mtoto mchanga akishanyonya na kushiba, baba yake humbeba na kumpeleka chumba kingine pamoja na wa tatu, kelele zao zote wakaenda nazo. Kwa mama anayelea peke yake ushauri wangu ni huohuo: dada, bibi au jirani akija kukuuliza akusaidie nini, mkabidhi mchanga aliyeshiba, mwonyeshe nepi zilipo, kisha ubaki na yule aliyekuwa akikusubiri.