Sukuma ya kando ya mto Njiru, maji yake yamesafishwa kweli?

SWALI: Habari zenu. Nakaa Njiru na watoto watatu, sukuma na dhania nanunua kwa shamba moja hapa kando ya Mto Nairobi, iko freshi na bei ni poa. Jirani anasema nisijali hayo maji ya kumwagilia eti yameshapita kwa mabwawa ya maji taka ya Ruai yakasafishwa. Lakini mimi nikipita naona ni meusi na yananuka. Ukweli ni upi? – Mama wa watatu, Njiru

JIBU: Mama wa watatu, hapo amini pua yako. Jirani hana nia mbaya, ila mto ameugeuza. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unakatiza mjini, unateremka Korogocho na Dandora ndio ufike kwenu, Ruai inakuja baada yenu. Maji yakitoka kwa yale mabwawa yanaendelea kuteremka, yanaingia Athi, mbele huko mto unaitwa Galana halafu Sabaki, na unaishia baharini karibu na Malindi. Kurudi Njiru hayawezi.

Mabwawa yenyewe si mchezo. Maji yanaingia kwanza kwa bwawa lenye kina kirefu, uchafu mzito unazama na bakteria wasiohitaji hewa wanaula, kisha yanahamia mabwawa mapana ambako mwani unageuza maji kuwa kijani na kuyapa oksijeni, mwisho yanakaa kwa mabwawa ya kina kifupi jua linaua vijidudu, na kwa sababu yanatembea polepole siku nyingi hata mayai ya minyoo yanapata muda wa kuzama. Ni kazi nzuri sana. Lakini inasafisha tu maji yaliyofika pale, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu huku juu bomba likipasuka ama landilodi akielekeza choo cha ploti mtoni usiku, hayo hayajui kitu kinaitwa Ruai. Kariobangi kuna kiwanda kingine cha kusafisha maji taka na hicho kiko juu yenu, sawa, lakini kati yake na wewe kuna jaa la Dandora limekaa ukingoni kabisa mwa mto.

Hilo jaa ndilo linanisumbua zaidi. Mwaka wa 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilipima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo, na karibu nusu yao walipatikana na madini ya risasi kwa damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Vijidudu na mayai ya minyoo vinakufa ukipika vizuri, risasi haifi kwa moto, na ikishanyonywa na mmea hata uoshe jani mara kumi haitoki.

Kwa hivyo dhania ya hapo usiweke kwa kachumbari, hiyo acha leo, kwa sababu inaliwa mbichi. Sukuma pia ningekushauri utafute kwingine, na kama una nafasi hata ya magunia mawili nje ya mlango unaweza kupanda yako, bora udongo usichotwe kando ya mto.

Na huyo mkulima usimgombeze, naye anatafuta karo ya shule. Muulize tu kwa upole ule mpira wa pampu yake unanyonya wapi, kwa kisima ama mtoni, manake kuna wengine wanafungua hadi mashimo ya bomba la maji taka ndio wapate maji wakati wa kiangazi. Ukishika jani uligeuze, angalia pale kwenye mshipa karibu na kikonyo. Ukiona utando wa kijivu umekauka hapo na ukiusugua kwa kidole unanuka kama mto, rudisha hilo fungu.