Goti Likiuma, Sema Kabla ya Kilima

Kabla ya kuondoka na baiskeli zetu huwa tunasimama dakika chache, wengine wakijaza upepo, wengine wakikaza vifuniko vya chupa, na hapo ndipo visingizio hutoka. Mmoja hakupata usingizi. Mwingine ana mafua ya tangu juzi. Wa tatu anaapa kwamba leo ni mwendo wa pole, hana haraka na mtu, na wote tunajua kuwa kilima cha kwanza kikionekana yeye ndiye atakayechomoka. Nazipenda sana dakika hizo. Ukiendesha na watu kwa muda mrefu unamjua kila mmoja kwa kisingizio chake, na siku asipokitoa unamuuliza kama yu mzima.

Lakini ndani ya visingizio hivyo mara nyingi kipo kimoja cha kweli, nacho hupotelea humo humo. Anayesema goti linamsumbua anachekwa sawasawa na aliyesema kalala vibaya. "Goti gani, si uzee huo!" Kicheko, helmeti zinafungwa, tunaondoka. Wiki inayofuata hasemi tena. Mwezi unaofuata haji.

Mimi pia nilinyamaza, karibu miezi miwili. Maumivu yangu yalikuwa nyuma ya goti la kulia, kwenye ule ukano mnene unaoshikika ukikunja mguu. Kilomita 20 za kwanza sikuyasikia kabisa. Kuanzia ya 30 ilikuwa kama kuna uzi unavutwa kila pedali inapofika chini, na usiku ilinibidi niweke mto chini ya goti ndipo nipate usingizi. Nilichua kwa dawa, nikapumzika siku nne, nikarudi barabarani, nayo yakarudi.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa kundi letu ambaye hupenda kukaa nyuma kabisa. Anasema ndiko anakotuona vizuri. Siku hiyo alisogea ubavuni kwangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kiuno chako kinayumba. Kila mguu wa kulia ukishuka, kiuno kinaufuata. Unaikimbiza pedali." Tukasimama. Akanishikia baiskeli, nikakaa, nikaweka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Hakikufika. Kisha akainama kwenye bomba la kiti akapitisha ukucha wake taratibu. Palikuwa na duara jembamba la vumbi lililogandana na jasho, pale bomba lilipokuwa likiingilia kwenye fremu kwa miezi yote iliyopita. Sasa duara lile lilikuwa limepanda juu, na chini yake chuma kinang'aa, kina mikwaruzo na grisi mbichi, upana kama wa kidole cha mwisho. Nikakumbuka. Wiki nane nyuma baiskeli ilikuwa kwa fundi, bomba likatolewa lipakwe grisi, likarudishwa kwa kukadiria. Sentimita moja tu. Tulilishusha hadi kwenye duara lile, na baada ya wiki mbili hivi mto niliurudisha kichwani.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwomba kila anayeanza ni hili: kata kipande cha utepe wa umeme, kizungushe kwenye bomba la kiti pale linapoingia kwenye fremu. Kifanye leo, wakati kiti kiko sawa na mwili hauna malalamiko. Baada ya hapo fundi yeyote anaweza kulitoa na kulirudisha mahali pake, na hata wewe ukibeba baiskeli kwenye gari utajua lilipokuwa.

Kama hujui kimo cha kiti chako, kisigino ni mwanzo mzuri. Vaa viatu unavyoendeshea, mtu akushikie baiskeli, zungusha pedali kinyumenyume ukiwa umekanyaga kwa visigino. Pedali ikiwa chini kabisa mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, kiasi cha nyuzi 25 hadi 35. Wapo wanaopenda hesabu: simama peku ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja ukikisukuma juu mpaka kiguse mfupa, pima toka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 anapata 70.6, na hicho ndicho kipimo cha kutoka katikati ya ekseli ya krenki, ile mikono inayobeba pedali, hadi juu ya kiti. Hesabu hiyo ilienea kupitia Mmarekani Greg LeMond, mshindi mara 3 wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, na kocha wake Cyrille Guimard. Mimi huitumia kama mahali pa kuanzia tu. Urefu wa unyayo, unene wa soli, hata pedi ya kaptula, vyote hubadilisha. Ukirekebisha, sogeza milimita 2 au 3, kisha endesha siku kadhaa kabla ya kugusa tena. Anayesogeza kiti, usukani na viatu kwa siku moja hatajua kilichomponya wala kilichomuumiza.

Usione aibu kuhangaika na milimita. Eddy Merckx, aliyeshinda Tour de France mara 5, alipata ajali mbaya mwaka 1969 kwenye uwanja wa mbio huko Blois, Ufaransa. Mwendesha kipikipiki aliyekuwa akimwongoza, Fernand Wambst, alifariki, na Merckx aliumia nyonga. Toka siku hiyo alisema hakukaa tena sawa juu ya baiskeli, na alijulikana kwa kubadilisha kimo cha kiti hata katikati ya mashindano. Mtu aliyeshinda karibu kila kitu kinachoshindaniwa kwa baiskeli alikuwa akitafuta milimita zake.

Goti lenyewe hukueleza ukilisikiliza. Likiuma nyuma, tazama kama kiti kimepanda mno. Likiuma mbele, chini ya pia ya goti, kiti huenda kiko chini mno au unasukuma gia nzito. Likiuma pembeni, angalia kliti za viatu, zile zinazobana pedali. Mguu uliopinda kwa asili ukilazimishwa kutazama mbele moja kwa moja, goti ndilo linalolipa. Hili la gia nzito limetapakaa sana, hasa kwa wenye nguvu. Wanapanda kilima wakizungusha mara 50 au 55 kwa dakika, mishipa ya shingo imetoka, kwa kuwa kuna mtu aliwahi kuwaambia gia nyepesi ni za watoto. Shusha gia. Zungusha 80, 90. Mapafu yatalalamika kidogo, lakini mapafu hupona baada ya dakika mbili, na goti si hivyo.

Mikono nayo ina lugha yake. Vidole viwili vya mwisho vikifa ganzi, kinachobanwa ni mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja, mahali hasa unapoegemea usukani. Watu hukimbilia kununua glovu nene. Mimi naomba uanze kwa kutazama kiti tena. Pua yake ikiinama chini, mwili unateleza mbele, nawe unajizuia kwa viganja safari nzima bila kujua. Weka kiti mlalo sawa. Kunja viwiko kidogo, nyoosha kifundo cha mkono, badilisha mahali pa kushika kila dakika chache: juu, kwenye breki, chini kwenye mapinde, kisha urudi. Na upunguze upepo. Bado kuna imani kwamba tairi gumu kama jiwe ndilo lenye kasi, ilhali kwenye barabara yenye kokoto tairi la milimita 28 lenye upepo wa wastani hutulia, halirukiruki, na mtetemo haufiki wote mikononi. Ganzi ikibaki hadi kesho yake, au ukashindwa kubana kifungo cha shati, hapo acha kuuliza wenzako. Nenda kwa daktari.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hakuna anayelisema. Makalio. Watu wazima wanateseka miezi kwa kuona haya, na dawa mara nyingi ni neno moja ambalo hawakuambiwa: kaptula ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi. Mishono ya chupi ndiyo inayosugua, jasho linakaa, ngozi inachubuka, vinyweleo vinapata uambukizo, na uvimbe unaanza. Dada mmoja aliyejiunga nasi aliendesha miezi mitatu akivaa vyote viwili. Aliyemwambia ni mwanamke mwenzake, pembeni, kwa sentensi moja, na alilia kwa hasira kwamba hakuna aliyemwambia mapema. Nikajiuliza ni wangapi waliotuacha kwa jambo hilo hilo.

Ukimaliza safari, vua kaptula hiyo upesi, usikae nayo ukipiga soga kwa saa nzima. Oga, jikaushe, na usiivae tena kabla haijafuliwa. Ukiwa barabarani inuka kitini sekunde chache kila baada ya dakika 10 au 15 ili damu ipite. Kuhusu kiti, wengi hudhani kipana na laini ndicho kitakachowaokoa. Kilicho laini mno huzama chini ya mifupa ya kukalia na kupanda katikati, mahali penye mishipa, na hapo ndipo ganzi ya sehemu za siri inapotokea. Ganzi hiyo usiivumilie hata safari moja. Kalia kipande cha boksi juu ya benchi ngumu, inama kidogo, inua miguu. Yatabaki mashimo mawili. Pima umbali wa katikati ya moja hadi katikati ya jingine, halafu tafuta kiti ambacho mashimo yote mawili yanaangukia juu yake na si ukingoni.

Shingo na mabega sitakaa napo sana. Kama usukani uko mbali mno utaumwa, ulete karibu au uupandishe. Ila kuna maumivu ya mabega yasiyotokana na vipimo, nayo ni ya hofu. Mgeni akiwekwa katikati ya kundi, gurudumu la mbele limekaribiana na la mwenzake, hukaza mikono, hupandisha mabega mpaka masikioni, na huacha kupumua vizuri. Anajua kwamba nyuma ya mtu upepo unapungua na kazi inakuwa nyepesi, lakini hakuna aliyemfundisha kukaa pale. Mpeni nafasi nyuma ya mtu mtulivu asiyefunga breki ghafla. Onyesheni mashimo kwa mkono, semeni kwa sauti. Atalegeza mabega mwenyewe.

Kula na kunywa, kwa kifupi: safari ikizidi saa moja na nusu, anza kula mapema, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Maumivu mengi ya kilomita za mwisho huwa ni mwili ulioishiwa nishati, na mtu aliyeishiwa hukaa vibaya kitini.

Nirudi kwenye utani, maana sitaki mtu afikiri nauchukia. Tumewahi kubishana kilima kizima juu ya urefu wa soksi, hadi mmoja akatukumbusha kwamba UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lina kanuni kabisa: soksi isivuke nusu ya umbali kati ya kifundo na goti. Tukasimama kileleni tukapimana kwa viganja. Tunabishana kuhusu kunyoa miguu. Tunataniana kuhusu mstari wa jua pale kaptula inapoishia. Utani huo unabeba kilomita ambazo peke yako usingezibeba, nami siendi safari ndefu bila watu wanaoujua. Ninaoukataa ni ule unaogusa mwili wa mtu anapoutaja: uzito wake, umri wake, maumivu yake. Mtu akisema "naumwa", hilo si zamu ya kuchekesha.

Tuliweka utaratibu mdogo. Visingizio vikimalizika, kila mtu anasema neno moja la kweli kuhusu mwili wake, na wengine wananyamaza. Dakika mbili zinatosha. Mara ya kwanza ilikuwa na uzito, watu wanatazama viatu vyao. Mara ya tatu kijana mmoja, ambaye hajawahi kulalamika tangu aje, akasema, "Mimi kila tukifika nusu ya safari, vidole viwili vya kushoto vinakufa. Tangu nianze." Mtu akataka kucheka, mzee akainua mkono. Akaenda kwenye baiskeli ya yule kijana, akalaza simu juu ya kiti ikiwa kwenye programu ya kupimia mlalo, akatuonyesha. Pua ya kiti ilikuwa imeinama nyuzi 5. Tukafungua skrubu, tukanyoosha, tukakaza, tukaondoka.

Kwenye kilima cha katikati alitupita wote, pamoja na yule aliyekuwa ameapa kwenda pole. Tulipofika kileleni tulimkuta amesimama kando ya barabara, mkono wa kushoto ameuinua, anafungua na kufunga kiganja, anahesabu vidole kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano.