Makato ya Etsy: acha lahajedwali ikufanyie hesabu

Dada, umesema unauza vikapu Etsy, lile soko la mtandaoni, ukiwa Marekani, unatoa 6.5% ya bei, na bado pesa inayoingia benki ni pungufu. Hujaibiwa. Hiyo 6.5% hukatwa kwenye bei pamoja na gharama ya usafirishaji, na si makato pekee.

Chukua kikapu cha dola 40, usafirishaji 8. Kamisheni, yaani ile 6.5% ya 48, ni 3.12. Ada ya malipo, yaani 3% ya 48 jumlisha senti 25, ni 1.69. Kuorodhesha bidhaa, senti 20. Jumla 5.01, wakati wewe umeandika 2.60! Mteja akitozwa kodi ya mauzo, ada ya malipo hupanda tena kidogo.

Fungua lahajedwali ya Google Sheets. Viwango viweke kwenye karatasi yake, uiite Viwango, na 6.5% iandike seli B1 ya karatasi hiyo. Bei B2, usafirishaji C2, kisha D2 andika =(B2+C2)*Viwango!$B$1 uvute chini. Zile alama za dola usizisahau, ndizo zinazoshikilia seli isihame. Kiwango kikibadilika, kama kilivyopanda kutoka 5% Aprili 2022, kipya kipe seli yake. Ukifuta cha zamani, oda za nyuma zitajihesabu upya na vitabu vyako vitavurugika.

Kila mwezi pakua kutoka Etsy taarifa ya malipo ya CSV, faili linalofunguka kwenye lahajedwali, ibandike pembeni, ulinganishe. Pengo likiwa kubwa, tazama kwanza matangazo ya nje, yaani yale ambayo Etsy huweka kwenye tovuti nyingine: oda iliyotokana nayo hukatwa 15% kwa duka lisilofikisha dola 10,000 kwa mwaka. Mimi hiyo 15% nimeitengea safu yake.