Gemu yako ina siasa? Usiifute, ihamishie kwenye kanuni

Mkuu mleta uzi, umesema unatengeneza gemu ya dereva wa bodaboda wa Dar, umeandika mazungumzo marefu ambamo dereva analalamikia faini na ugumu wa maisha, na rafiki zako wanakushauri utoe siasa ili iuzike. Mimi naandika hadithi na kubuni michezo ya karata, na swali hili huulizwa kila ninapoonyesha kazi mpya. Nivumilie, jibu ni refu.

Maoni yako usiyafute. Ila hayo mazungumzo yakate karibu yote. Mchezaji akiona hotuba anabonyeza kuruka, lakini kanuni za mchezo hazirukiki. Gemu inatoa maoni yake kwa kile inachomlipa mchezaji na kile inachomkatalia. Mhusika hahitaji hata kufungua mdomo.

Mwaka 1904 Mmarekani aitwaye Elizabeth Magie alipata hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ya mchezo alioupa jina The Landlord's Game. Alikuwa mfuasi wa Henry George, mchumi aliyetaka thamani ya ardhi itozwe kodi ili iwanufaishe watu wote. Badala ya kuwahubiria watu, Magie alitengeneza ubao wa kuzunguka wenye viwanja na pango, na akautungia kanuni za aina mbili. Kwa kanuni za kwanza, utajiri ukipatikana kila mchezaji anaambulia kitu. Kwa zile za pili, mmoja anahodhi kila kitu na wenzake wanafilisika. Kisha mchezo ukasambaa mkono kwa mkono, toleo la Charles Darrow likanunuliwa na kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935 kwa jina la Monopoly, na Magie akalipwa dola 500 kwa hataza yake, bila mgawo wa mauzo. Dunia ikabaki na kanuni za kufilisiana. Inaniuma kila nikifikiria. Seti moja tu ya kanuni iliwekwa kando, na maoni ya mama yule yakageuka chini juu. Wengi wanaokwambia michezo haina siasa wameucheza huo huo na hawajui ulianzia wapi.

Sasa yangu. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao wa maji, nilibuni mchezo wa karata wa mtaa mmoja. Kila mchezaji ni kaya, kuna madumu, kuna siku za mgao, na kuna karata moja tu ya tangi. Aliyeiokota ndiye anayepanga bei ya dumu raundi hiyo. Sikuandika sentensi hata moja ya kumlaumu mtu. Nikawaita majirani wacheze barazani. Mama mmoja ambaye asubuhi yake alikuwa akisonya kwa bei ya dumu pale mtaani, alipookota tangi akapandisha bei mara mbili papo hapo, maana karata yake nyingine ilimdai ada ya shule. Mabishano yakaanza. Kuna waliotaka tangi liwe la mtaa mzima, kuna waliosema aliyelinunua ana haki ya kuuza atakavyo. "Mwanangu," akaniambia yule mama, "mchezo wako huu unachonganisha watu." Na bado hawakutaka kuinuka. Wakatunga kanuni yao wenyewe ya tangi la ushirika, wakacheza tena, na yakazuka mengine: kila mtu anachota, wa kuchangia matengenezo haonekani. Kanuni yao nimeiweka kwenye kisanduku pamoja na yangu, na mpaka leo ndiyo inayozua maneno mengi zaidi.

Naisisitiza sehemu hiyo. Acha mlango ambao mtu asiyekubaliana nawe anaweza kushinda kupitia hapo. Kanuni zako zikimpa ushindi mwenye mawazo kama yako peke yake, umerudi kwenye hotuba.

Kwa upande wa kompyuta, itafute Papers, Please ya Lucas Pope, iliyotoka 2013. Unakaa kwenye kibanda cha mpakani katika nchi ya kubuni, unagonga mihuri kwenye pasi. Unalipwa kwa idadi ya watu unaowapitisha au kuwakataa kwa usahihi, na jioni familia yako inadai pango, chakula na joto la nyumba. Anakuja mume, karatasi zake ziko sawa. Nyuma yake anakuja mkewe, karatasi zake zina upungufu. Ukimpitisha unapewa onyo, na maonyo yakiisha unaanza kukatwa hela. Hakuna anayekueleza kwamba mfumo ule ni mbaya. Unajikuta unapiga hesabu ya huruma yako kwa bei ya mkate.

Na tusidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na kete ikiliwa haitoki ubaoni, inahamia kwa aliyeila na kuanza kumtumikia. Kwenye sataranji aliyeliwa anawekwa nje, basi. Hizo ni fikra mbili tofauti kuhusu vita na mateka, na mtoto anazishika kabla hajaweza kuzieleza.

Umeuliza pia kama mbunifu aseme hadharani au anyamaze. Aseme, ila neno lake lifanane na kazi yake. 11 bit studios, kampuni ya gemu ya Warsaw, Poland, ilitoa This War of Mine mwaka 2014, mchezo wa raia waliozingirwa vitani, uliochotwa kutokana na kuzingirwa kwa Sarajevo, mji wa Bosnia. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, kampuni hiyo ilitangaza kutoa mapato ya wiki nzima ya mchezo huo kwa Msalaba Mwekundu wa Ukraine. Hakuna aliyeshangaa, mchezo ulikuwa umeshasema.

Mdau aliyeshauri uiachie akili mnemba ikuandikie mazungumzo, mimi nakataa kabisa. Waigizaji wa sauti za gemu kule Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 wakidai ulinzi dhidi ya teknolojia hiyo hiyo, na niko upande wao. Wewe una vijiwe vizima vya madereva. Nenda ukakae nao, na ukitumia maneno yao, walipe.

Kwa gemu yako ningeanzia kwenye hesabu ya bosi, yaani hela ambayo mwenye pikipiki anadai. Kila siku dereva lazima apeleke hesabu kabla hajala, iwe mvua iwe jua, na kofia ya pili ya abiria anunue kwa hela yake. Mpe uamuzi wa kupita njia ya mkato iliyokatazwa wakati abiria ni mgonjwa na hesabu haijatimia. Halafu mfanye mchezaji awe bosi kwa wiki moja, mwenye mkopo wa pikipiki unaomsubiri benki. Weka hapa rasimu ya kanuni hizo, nitaichapa kwenye karatasi niicheze na vijana wa kijiweni kwetu, kisha nikuletee walichobishania.