Vuta N'Kuvute bila kusoma kitabu: itazame tu

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu ambaye hajasoma riwaya ya Adam Shafi ataielewa filamu ya Vuta N'Kuvute. Ataielewa vizuri tu. Mimi niliisoma zamani shuleni, mke wangu hajawahi kuifungua, na juzi tumeitazama pamoja. Yeye ndiye aliyelia.

Filamu ni kazi ya mwongozaji Amil Shivji, ya mwaka 2021. Tupo Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri sana, anaikimbia ndoa na kukutana na Denge, kijana wa harakati za kudai uhuru. Kilichonishika zaidi ni taa. Vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, ukuta umelowa, uso unaonekana nusu, na watu wanasema maneno machache kwa Kiswahili chenyewe cha Unguja. Halafu anaingia Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, akiigiza Mwajuma, rafiki wa Yasmin. Kila akitokea, chumba kizima kinachangamka!

Malalamiko yangu ni moja: Denge kitabuni ana maneno mengi na hoja nzito, hapa amepunguzwa mno. Ningependa kumsikia zaidi.

Usiitazame kwenye simu, giza lake litakupotea. Na kama una watoto nyumbani, anzeni na Supa Modo, filamu ya Kenya ya 2018. Wekeni leso karibu.