Maswali Yenu: Fimbo ya Freddie Mercury

SWALI: Bendi yetu inaandaa usiku wa kumkumbuka Freddie Mercury wa Queen. Mwimbaji anataka ile fimbo fupi ya maiki. Tuitengeneze vipi?

JIBU: Msikate kitu kwa msumeno. Asili yake ni ajali: siku za mwanzo za Queen, bendi iliyoundwa London mwaka 1970, stendi ilimkatikia katikati ya onyesho, naye akaendelea na kipande kilichobaki mkononi. Kuanzia hapo hakutaka nzima. Mara kiligeuka gitaa, mara bakora ya kifalme.

Tafuteni stendi iliyonyooka yenye mabomba mawili, moja likiteleza ndani ya jingine. Legezeni kikazio cha katikati, chomoeni bomba la ndani. Fimbo ndiyo hiyo. Ncha ya chini izibeni kwa kizibo cha mpira, maana bati tupu litamchana kiganja. Kinachosumbua zaidi ni kishikio cha maiki. Cha plastiki cha kubana tu kitaiachia maiki iruke fimbo ikizungushwa, kwa hiyo ongezeni utepe wa gundi. Waya uviringeni mara mbili kwenye bomba, uzito wake usining'inie kwenye plagi. Plagi ikivutika, sauti inakatika. Na asiielekeze maiki kwenye spika, itapiga mluzi.

SWALI: Kwaya ya wimbo wa Queen "Bohemian Rhapsody" ilikuwa ya watu wangapi? Sisi tuko wanne.

JIBU: Watatu wa bendi yenyewe! Roger Taylor juu kabisa, Mercury katikati, Brian May chini. Mwenzao wa nne, John Deacon, hakuimba. Ilikuwa 1975, tepu ina njia 24 tu, yaani nafasi 24 za kurekodi sauti mbalimbali. Walirekodi sauti juu ya sauti, wakizichanganya na kuzihamishia njia chache ili nyingine zibaki wazi. Kila uhamisho uliongeza mchakacho, na tepu ikachakaa hadi mwanga ukapenya. Jukwaani msiijaribu sehemu ile ya opera. Queen wenyewe waliwasha tepu wakatoka, wakarudi gitaa zito linapoanza.

SWALI: Meno yale ya Mercury yaliyochomoza mbele yalikuwa ya kweli?

JIBU: Ya kweli. Mtoto huyo wa Zanzibar, aliyezaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, alikuwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma ya mbele. Hakukubali kuyang'oa, akihofia sauti ingebadilika. Mwimbaji wenu asivae ya bandia: herufi "s" zote zitamtoka kwa mluzi. Masharubu yanatosha.